Springi mpya ya gramafoni: nimeinunua mara mbili, na kosa ni langu

Nianze kwa kumtendea haki muuzaji. Springi niliyonunua ni nzuri. Nimeinunua mara mbili kwa mtu yuleyule, na mara zote mbili alinitumia kile hasa nilichoandika kwenye oda. Aliyekosea ni mimi, na aliyenikosesha ni grisi kuukuu.

Gramafoni yenyewe ni ya mezani, ya kutia ufunguo kwa hendeli. Lebo yake ilishafutika. Kinachosomeka ni mhuri chini ya mota tu, unaosema imetengenezwa Uswisi. Si ajabu: wengi waliouza gramafoni walitengeneza sanduku tu, mota wakanunua kwa mafundi kama Paillard na Thorens wa Sainte-Croix, watu waliokuwa wakitengeneza visanduku vya muziki kabla hata gramafoni haijazaliwa. Mota zao ni ngumu kufa. Kinachokufa ni springi, yaani kamani, kama mafundi saa wanavyoiita.

Dalili nilizipata mapema nikazipuuza. Santuri ikiwa katikati ya wimbo, chini ya sanduku unasikia "du!", sindano inaruka mfereji, kisha muziki unaendelea kama hakuna kilichotokea. Siku nyingine du mbili, siku nyingine tatu. Springi ya gramafoni ni utepe mrefu wa chuma uliokunjwa ndani ya kopo la mviringo. Ukitia ufunguo, utepe unajisokota kwenye mhimili wa katikati. Ukiiachia icheze, unafunguka polepole kuelekea ukuta wa kopo. Grisi ikikauka, mikunjo inagandana badala ya kuteleza, halafu inaachana kwa mpigo mmoja. Hiyo ndiyo du. Kama gramafoni yako inafanya hivyo na bado inacheza, usinunue springi. Fungua kopo, osha, tia grisi mpya, na huenda ukamaliza hapo.

Mimi nilimimina mafuta mepesi kwenye kitundu cha kopo. Hayakufika popote. Jioni moja natia ufunguo, nikiwa nakaribia mwisho, likalia PAA! na hendeli ikawa nyepesi mkononi, inazunguka tu kama inasaga hewa.

Sasa, kufungua. Mota nzima inatoka na ubao wake ukishaondoa sahani inayobeba santuri na hendeli, hapo hakuna hadithi. Hadithi iko kwenye kopo. Kwa mota ambayo springi yake ni nzima, lazima ufunguo wote uishe kwanza, na usiguse gavana, yaani kidhibiti mwendo cha mota, kabla ya hapo, kwa sababu ndiyo breki pekee iliyopo. Ukiichomoa gavana wakati springi imejaa, gia zote zinafyatuka kwa pamoja na meno yanabaki sakafuni. Yangu ilikuwa imekatika, nikajiona nimesalimika. Wapi! Springi iliyokatika bado ina hasira. Nilikuja kuipima: mita tatu za chuma zilizobanwa ndani ya kopo la milimita 70, zote zinataka kunyooka.

Nilivaa glavu za ngozi na miwani ya karakana, nikaweka kopo ndani ya ndoo, blanketi kuukuu juu, nikaushika mkunjo wa ndani kabisa kwa koleo na kuuvuta juu. Mkunjo wa kwanza ukatoka, wa pili, wa tatu, taratibu, kila mmoja ukisukuma blanketi kama mnyama anayegeuka usingizini. Ulipofika kama wa sita, iliyobaki ikatoka yote kwa mkupuo na ndoo ikaruka. Mikono yangu mizima. Bila glavu ningekuwa naandika hapa kwa kidole kimoja.

Grisi niliyoikuta haikuwa grisi tena. Pembeni ilikuwa ngumu kama lami, katikati inanata kama ulimbo, nyeusi tii, na harufu ya mshumaa uliozimwa. Springi ilikuwa imekatika karibu na tundu la ndani, pale inapojishika kwenye mhimili. Mkato wa namna hiyo hutengenezeka: unaichoma ncha tu moto hadi iwe nyekundu, unaiacha ipoe polepole ili ilegee, unatoboa tundu jipya kwa keekee na kupiga tupa kingo. Unapoteza urefu kidogo, basi. Lakini mbele kidogo niliona ufa mwingine, mwembamba kama unywele, nikaamua kuagiza mpya.

Na hapo ndipo nilipojikwaa. Muuzaji anataka vipimo vitatu: upana, unene na urefu, pamoja na umbo la ncha zote mbili, kwa kuwa nyingine zina tundu na nyingine zimekunjwa kama ndoana. Upana nilipata milimita 25. Unene nikapata 0.7. Nikatuma. Springi ikaja, nikaisokota ndani ya kopo kwa mkono, kazi ya saa nzima na matusi ya kutosha, nikafunga kila kitu. Hendeli ikawa nzito kiasi kwamba sanduku lilinyanyuka mezani. Nikitia raundi chache inagoma, na gia zinalalamika.

Nikarudi kwenye ile springi ya zamani, nikaiosha kwa mafuta ya taa hadi iking'aa, nikapima tena. Milimita 0.6. Ile 0.1 ya ziada ilikuwa grisi iliyoganda. Utasema 0.1 ni nini? Nguvu ya springi ya aina hii hupanda kwa unene mara unene mara unene, kwa hiyo kutoka 0.6 kwenda 0.7 ni ongezeko la zaidi ya nusu ya nguvu. Halafu kwa kuwa utepe mnene unajaza kopo haraka, raundi zinapungua. Nguvu nyingi, muda mfupi: kinyume kabisa cha unachotaka. Ilibidi niitoe, na safari hii ilikuwa mpya, yenye nguvu zake zote. Ndoo ile nimeitupa.

Springi ya pili, ya 0.6, iliingia kama imezaliwa humo. Kabla ya kuisokota niliipaka grisi iliyochanganywa na unga wa grafiti, safu nyembamba tu, maana ikijaa sana itavuja na kuchafua gia. Kitu kimoja: piga picha ya upande springi ilikozungukia kabla hujaitoa. Niliipiga, na iliniokoa, kwa sababu ukiiweka kinyume haitashika mhimili na utarudia kila kitu.

Nikiwa huko chini nikaisafisha na gavana, na nakiri hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Ni vidonge vitatu vya chuma vilivyofungwa kwenye vibati vyembamba kuzunguka ekseli inayoendeshwa na gia ya parafujo. Mwendo ukizidi, vidonge vinatanuka, vinavuta kisahani, kisahani kinagusa kipande cha ngozi, mwendo unapungua. Gramafoni za kwanza za Emile Berliner, mvumbuzi wa gramafoni, hazikuwa na mota; ulizungusha kwa mkono, na mwimbaji akawa mnene au mwembamba kulingana na uchovu wako. Ni Eldridge Johnson, fundi wa Camden, New Jersey, aliyemtengenezea mota ya springi mwaka 1896. Kipande changu cha ngozi kilikuwa kimekauka kama ukucha. Tone moja la mafuta, subira ya usiku mmoja, kikalainika.

Kurekebisha mwendo hakuhitaji kifaa. Weka kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri, hesabu mizunguko 13 kwa sekunde 10, ndiyo 78 kwa dakika, mwendo wa santuri hizi. Hesabu sindano ikiwa imeshuka, maana uzito wake unavuta sahani nyuma kidogo. Na sindano za chuma, upande mmoja wa santuri ukiisha, tupa. Najua zinaonekana nzima. Tupa.

Matokeo: ukiijaza ufunguo inacheza pande mbili za santuri ya inchi 10 bila mwimbaji kuzama mwishoni. Kabla ya kukatika, springi ya zamani ilikuwa ikihema kabla ya upande mmoja kuisha. Du imekwisha kabisa, siku ya kwanza hadi leo, wiki ya tano.

Kwa springi yenyewe natoa nyota nne. Chuma ni kizuri, tundu limetobolewa mahali pake. Nyota ya tano nimeizuia kwa mambo mawili. Kingo za tundu zilikuja na vinywele vya chuma ambavyo ilibidi niviondoe kwa tupa, na vinywele kama hivyo ndipo nyufa zinapoanzia. Pili, springi inakuja imefungwa kwa waya mmoja tu, bila hata kikaratasi cha kuonya. Anayeikata waya ile juu ya meza, bila kujua kilichobanwa ndani, anaweza kupoteza jicho. Nimemwandikia muuzaji. Amejibu kwa adabu kwamba ataweka onyo.

Kuna mlio mdogo wa "tik" ninaousikia sasa ninapotia ufunguo, kama raundi ya nane. Nadhani ni ulimi unaozuia hendeli isirudi nyuma, umechakaa ncha. Nimeshaupima. Safari hii nimeuosha kwanza.