Kumbe Mguu Ulikuwa wa Mwalimu: Uzoefu Wangu na Shule ya Udereva Kisumu

Leseni ninayo. Mtihani nilipita mara ya kwanza. Lakini kwa miezi kadhaa baada ya hapo sikuweza kulitoa gari la dada yangu getini, na pesa nilizoweka kwenye sacco za kununua langu zikakaa tu. Naandika kwa sababu juzi mwenzangu kazini aliniuliza ajiandikishe wapi, nikashangaa hasira niliyodhani imeisha ikinipanda upya.

Shule sitaitaja. Gari lao ni dogo, la giya za mkono, lina L nyekundu mbele na nyuma, na upande wa mwalimu lina klachi na breki zake. Hizo pedali za pili ndizo kisa chote hiki.

Tulikuwa wanafunzi wanne kwa gari moja. Unaendesha dakika chache, unahamia kiti cha nyuma. Njia ilikuwa ileile kila siku, tambarare, kwenda na kurudi. Na mimi niliamini naendesha vizuri! Gari liliondoka taratibu, halikuruka, halikuzima. Nilimpigia mama simu nikamwambia nimeshajua, ajiandae, Krismasi nitamfuata nyumbani na gari langu.

Halafu ikaja Jumapili moja, mvua zikiwa zimeanza. Mtu wa Kisumu anajua Jumapili ni siku ya soko Kibuye: mikokoteni, tuktuk, boda, watu na mafurushi ya mitumba, wote wanagombania barabara moja. Tukajikokota hadi Kondele. Hapo mwalimu akapigiwa simu, akageukia dirisha lake akawa anaongea. Foleni ikasogea. Nikaachilia klachi kama ninavyoiachilia siku zote. Gari likaruka, likazima. Nikawasha, likazima tena. Mara ya tatu matatu iliyokuwa nyuma yangu haikuacha honi, na kondakta alikuwa ameshashuka anapiga buti kwa kiganja.

Nikatazama chini, upande wa mwalimu. Miguu yake ilikuwa imerudi nyuma, chini ya kiti, mbali na pedali.

Wiki zote hizo, aliyekuwa akibalansi klachi ni yeye. Mimi nilikuwa nashika usukani tu. Hakuwahi kuniambia, na siku hiyo alipotoa mguu hakuniambia pia. Aliweka simu mapajani akafoka: "Toka! Toka nje! Mama mzima unashindwa kuondoa gari?" Nikashuka kwenye tope, nikazunguka gari mbele ya watu wote wale. Mwenye tuktuk moja alisimama kunipisha, akaniambia, "Pole madam, pita pole pole, hakuna anayekufukuza." Mtu asiyenijua alikuwa na adabu kuliko niliyemlipa.

Niseme na mazuri yao. Makaratasi yote waliyashughulikia bila kunizungusha. Kijana anayefundisha alama za barabarani, kwenye ule ubao wa mji wa mfano, ni hodari kweli. Anasogeza kigari chake na kukuuliza nani anapita kwanza kwenye raundabauti, mpaka uote usingizini kwamba anayetoka kulia kwako, aliye ndani tayari, unampisha. Hilo sitalisahau. Kwa ajili yake nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu.

Lakini nilirudi ofisini kwao baada ya kupata leseni, nikaomba masaa machache zaidi, ya kulipia, na mwalimu mwingine. Dada wa mezani hakuinua hata macho. "Leseni si ulipata?" Basi. Nyota tatu zikaishia hapo.

Aliyenitoa kwenye woga ni mama mmoja anayefundisha watu wenye leseni tayari. Gari lake ni kuukuu, halina pedali za pili. Siku ya kwanza tulikaa kwenye uwanja mtupu saa nzima bila kugusa akseleta. Kazi ilikuwa moja: inua mguu wa klachi taratibu, sikiliza injini ikibadilisha sauti, sikia pua ya gari ikinyanyuka kidogo, simamisha mguu hapohapo. Gari linatambaa lenyewe. Kanyaga tena. Rudia. Mguu uliniuma mpaka jioni, lakini kwa mara ya kwanza ulikuwa mguu wangu. Nilipozima gari alisema tu, "Washa, dada, tuko kwetu."

Baadaye tukazunguka Milimani asubuhi, barabara zikiwa tupu, kisha akanipeleka mlima wa Riat. Akanisimamisha katikati ya mpando, hendibreki juu, ziwa lote liko nyuma yetu kwenye kioo. Klachi ikashika, nikaongeza moto, nikateremsha hendibreki, gari likapanda bila kurudi nyuma hata kidogo. Nilipiga kelele ya furaha, naye mikono yake ilikuwa mapajani muda wote.

Ana kasoro zake. Anachelewa, na mara mbili aliahirisha nikiwa nimeshafika. Bei yake kwa saa si ya kila mtu. Siku ile ya pili ya kuahirisha niliapa sirudi kwake. Nikarudi, na ningelipa tena.

Naelewa pia kwa nini yule wa kwanza alifanya alivyofanya. Mwanafunzi huunguza klachi, klachi mpya ni pesa, na mwenye shule anataka gari litoke asubuhi na mapema. Pengine hata si ukatili. Nilipofika sentensi hii nilikuwa nimerudisha nyota moja, zikawa mbili.

Halafu nakumbuka nimelipa karo yote, nikafanya kazi za zamu mwaka mzima nikitoka usiku na kurudi kwa boda kwenye mvua, gari ningeshalinunua, na kilichonizuia ni kwamba mtu alinificha mguu wake. Nakumbuka lile tope. Moja. Iwe moja, na hiyo ni ya kijana wa ubao.

Jumamosi naenda kuangalia Vitz moja pale Mamboleo. Dada anasema ninunue otomatiki nipumzike. Mimi nataka ya giya.