Darasa la hesabu la jioni, Majengo, Moshi
Mwanangu amehudhuria tuisheni hii kwa wiki sita, na kilichonivutia zaidi ni somo la namba zinazogawanyika bila baki kwa jumla ya tarakimu zake, ambazo mwanahisabati wa India, D. R. Kaprekar, aliziita Harshad. Mwalimu alianza na 12, kisha akawaachia watoto wagundue wenyewe kwamba 1729, ambayo jumla ya tarakimu zake ni 19, ikigawanywa kwa jumla hiyo hutoa 91, yaani 19 ileile iliyogeuzwa (nami nilirudia hesabu hiyo wakati wa chakula). Hata hivyo, sababu ya namba 21 za aina hii kutoweza kufuatana mfululizo iligusiwa tu, na maandishi ya ubaoni hayasomeki vizuri kwa walioketi nyuma.