Ganzi ya meno na mtoto mapajani: uzoefu wangu katika kliniki ya meno Ngamiani, Tanga

Kwa muda wa miezi mitatu nilikuwa nikinywa maji kwa upande wa kulia wa mdomo tu, kwa sababu upande wa kushoto haukustahimili chochote cha baridi, hata upepo wa bahari nilipokuwa juu ya bodaboda kuelekea Raskazone. Sisi huiita ganzi ya meno, jina la ajabu kidogo, kwani ganzi ya sindano huondoa maumivu ilhali hii ndiyo maumivu yenyewe. Nilikwenda katika kliniki moja ndogo ya binafsi hapa Ngamiani nikiwa nimekwisha kujiandaa kung'olewa jino.

Daktari alinipulizia hewa jino baada ya jino, akagongagonga, kisha akasema hakuna lililotoboka. "Mama, hebu nionyeshe unavyopiga mswaki," akaniambia, na nilipomwonyesha akacheka kwa adabu, maana nilikuwa nikisugua kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria, tena kwa mswaki mgumu. Alinieleza kwamba fizi zangu zimerudi nyuma na kuacha wazi shina la jino, sehemu isiyo na ule utando mgumu wa juu, na kwamba tabaka lililobaki wazi lina vijitundu vidogo mno vinavyoelekea kwenye neva, ndiyo maana baridi hufika moja kwa moja. Embe bichi na ukwaju, ambavyo mimi siviachi, vilizidisha tatizo, kwa kuwa asidi hulainisha jino, nami nilikuwa na desturi ya kupiga mswaki mara tu baada ya kula. Sasa husubiri kama nusu saa.

Aliniandikia dawa ya meno yenye nitrati ya potasiamu, niitumie asubuhi na usiku kwa mswaki laini, niteme povu bila kusukutua kwa maji. Alinionya kuwa nafuu haiji kwa siku mbili, na kweli, niliipata katika wiki ya tatu. Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni kwamba baada ya kuondolewa ugaga, yaani uchafu uliogandamana kwenye meno, siku hiyohiyo, ganzi ingepanda zaidi kwa siku kadhaa. Usiku wa kwanza nilidhani wameniharibia meno.

Mwanangu wa miezi kumi na minne nilikwenda naye kwa kukosa wa kumwachia, nami nilishangaa daktari alipotaka kumtazama. Tuliketi tukielekeana, magoti yakigusana, mtoto akalazwa kichwa mapajani mwa daktari na miguu kwangu. Alilia, lakini kinywa kilikuwa wazi, na dakika mbili zilitosha. Nilisema kwamba meno hayo yatang'oka tu. Akanijibu kuwa yapo ishirini, na kila moja hulishikia nafasi jino la ukubwani, kwa hiyo likioza na kung'olewa mapema, yanayofuata huota yamesongamana. Apigwe mswaki tangu jino la kwanza, kwa dawa yenye floraidi isiyozidi punje ya mchele, na asilale na chupa ya maziwa au uji mtamu mdomoni.

Hapo nikapata ujasiri wa kuuliza lililokuwa likinisumbua. Mtoto alipoharisha akiwa na miezi sita, bibi jirani yetu, ambaye namheshimu sana, alishauri atolewe "meno ya plastiki", yaani vivimbe vya kwenye fizi vinavyosemwa kuwa ndivyo huleta kuhara. Daktari hakumdharau bibi, ila alinieleza wazi kwamba vile vivimbe vyeupe vinavyoonekana kwenye fizi ni machipukizi ya chonge, na kuyachokoa humwachia mtoto damu na maambukizi, na huweza kuharibu jino la ukubwani lililo chini yake, huku kuhara kwenyewe kukiendelea bila tiba. Maelezo hayo peke yake yalistahili nauli yangu.

Kasoro zipo. Niliahidiwa saa tatu asubuhi nikaingia saa tano, benchi ni moja kwa watu wote, na hakuna bei iliyobandikwa popote. Gharama ya kusafishwa meno niliijua dirishani wakati wa kulipa, nikalazimika kumpigia mume wangu aniongezee. Huduma ya daktari naipa alama za juu, mapokezi siyapi hata nusu. Tumepangiwa kurudi baada ya miezi sita, mimi na mtoto, na safari hiyo nitauliza bei kabla sijaketi kitini.