Kampuni iliyoturasimishia mtaa: bikoni safi, barabara ya kwenye karatasi

Nyota tatu kati ya tano, na hiyo ya tatu ni ya vijana wa upimaji.

Mtaa wetu uko pembezoni mwa Dar es Salaam. Kila mtu alinunua kipande chake kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa, akajenga alivyoweza. Kampuni ililetwa na kamati yetu ya urasimishaji, yaani kuupanga na kuupima mtaa uliokwishajengwa bila mpango ili watu wapate hati. Jina silitaji. Bei ilikuwa shilingi 150,000 kwa kiwanja, unalipa kwa awamu, benki, risiti unabaki nayo. Hapo sina neno.

Upimaji wao nausifu. Waliwaita wenye nyumba na majirani wasimame mpakani, na hawakuchimba mpaka pande zote zikubaliane. Bikoni zao, yaani zile alama za mipaka ya viwanja, si zile za zege la juujuu zinazong'oka masika ya kwanza. Zimezama chini hasa, nondo katikati, namba inasomeka. Ugomvi wangu na jirani kuhusu mchongoma, uliomshinda hata mjumbe, uliishia hapo.

Tatizo ni mchoro wa mpango wa mtaa. Waliubandika ukutani ofisi ya serikali ya mtaa, na kwa mbali unavutia: njia zimenyooka, kila moja imeandikwa mita 6. Sogea karibu uitazame njia ya kwetu. Inapita nyuma ya msikiti, inakata kona, halafu inakwenda moja kwa moja juu ya choo cha mtu. Choo kipo mpaka leo, na mwenyewe hana habari ya kukihamisha. Nilipomuuliza mpangaji wao, yaani mtaalamu wa mipangomiji aliyeuchora, alinijibu, "Mama, mtaelewana wenyewe." Tuelewane kwa hela ya nani? Fidia haimo kwenye ile 150,000, na gari la kunyonya vyoo halipiti kwenye karatasi. Eneo la wazi ndiyo usiseme: wametupa kona ya bondeni ambayo masika ni bwawa.

Wapo wanaosema urasimishaji ni kuhalalisha ujenzi holela, na wapo wanaojibu kwamba sehemu kubwa ya jiji imejengwa hivyohivyo, utabomoa wangapi? Mimi niko na hawa wa pili. Lakini Sheria ya Mipangomiji ya 2007 haikutungwa ili mtu achore kilichopo na kuombea muhuri. Kupanga ni kuamua nani asogee, na alipwe nini. Nenda Kibada au Mbweni, kwenye viwanja vya ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, uone faida ya kupima kabla watu hawajajenga. (Wenye mashamba ya zamani huko nao wana yao ya kusema kuhusu fidia, tusiwasahau.)

Jambo jingine: matangazo yao yalisema "hati mkononi". Kazi yao inaishia kwenye ramani ya upimaji. Tozo za hati unalipa mwenyewe serikalini. Wazee wengi walidhani wameshamaliza, na hakuna aliyewaambia mapema.

Kama nyumba yako iko kando ya barabara kubwa, wachukue bila wasiwasi. Nyie wa ndani ndani kama sisi, kamati izuie awamu ya mwisho mpaka mpangaji atembee kwa miguu kila njia aliyoichora, na mwenye choo akiwepo.