Vyombo vya Stoo ya Chakula: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Uachane Nacho

Kabla hujatoa hela, toa kwanza vilivyo kwenye rafu. Pima nafasi kutoka rafu moja hadi ya juu yake, na kina kutoka mlangoni hadi ukutani. Kisha angalia unanunua chakula kwa kiasi gani. Kilo moja ya mchele au sukari inakaa kwenye chombo cha lita 1.2 hivi, lakini kilo moja ya unga wa ngano inataka karibu lita 2, maana unga umejaa hewa. Vyombo huuzwa kwa lita, chakula tunanunua kwa kilo. Ndiyo maana nyumba nyingi zina kopo jipya limejaa pomoni na mfuko wa unga uliobaki umefungwa kwa mpira pembeni yake.

Unacholipia hasa ni mfuniko. Ukiwa dukani, funga kipande cha karatasi kati ya mfuniko na ukingo wa chombo, halafu kivute. Kikitoka kirahisi, hewa inapita, na mdudu naye atapita. Jaribu pande zote nne. Hakikisha pia mpira wa kuzibia unatoka ili uoshwe, kwa sababu uchafu hujificha humo.

Namba moja kwangu ni makopo ya plastiki ngumu ya pembe nne, yenye mpira wa silikoni na vibano pande zote. Hayavunjiki ovyo, ni mepesi, na yanapangana. Umbo nalo lina hesabu yake: kopo la duara linaacha wazi zaidi ya sehemu moja ya tano ya eneo ambalo kopo la mraba la upana huohuo lingelijaza. Kwenye rafu finyu hiyo si nafasi ya kudharau. Geuza chini utafute alama ya pembetatu yenye namba 5, yaani polipropileni, plastiki inayostahimili joto vizuri. Udhaifu wake ni kushika harufu. Kopo lililowahi kukaa viungo vikali usilihamishie sukari.

Namba mbili, chupa za kioo zenye mdomo mpana. Kwa ubora wa kuhifadhi zinashinda plastiki: hazishiki harufu, na unaona kilichobaki bila kufungua. Nimezishusha kwa uzito tu, na kwa hofu ya kuzishusha kutoka rafu ya juu. Zitumie kwa viungo, karanga na mbegu, ila ziwe kabatini, kwani mwanga hufubaza viungo na huharakisha vyenye mafuta kuchacha. Na kwa nini ununue? Chupa tupu za jemu zinafanya kazi hiyohiyo bure, mradi mfuniko hauna kutu.

Namba tatu ni makopo ya bati. Yangekuwa chini zaidi kama si panya, ambaye plastiki anaitafuna lakini bati linamshinda. Penye unyevunyevu yatapata kutu. Ndoo yenye mfuniko wa mpira nayo ni nzuri kwa anayenunua nafaka kwa wingi. Wengine itawajazia sakafu bure.

Vikapu viko kundi lao. Vitunguu na viazi vinahitaji hewa, kwa hiyo usivifungie kwenye kopo, na uvitenganishe.

Mkiani kabisa naweka seti za mapambo zenye mifuniko ya mbao isiyo na mpira. Zinapendeza kwenye picha. Karatasi yako itateleza tu.

Hata hivyo, chombo kizuri hakiui wadudu. Jike la fukusi hutoboa punje, akataga yai ndani, kisha akaziba tundu, kwa hiyo mchele unaweza kuja nao kutoka dukani bila wewe kuona kitu. Kopo linazuia wasihamie kwenye nafaka iliyo jirani, basi. Mwenye friza aweke nafaka humo kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne, halafu aiache baridi iishe ikiwa bado imefungwa, ili unyevu usiingie ndani. Na usimimine mpya juu ya ya zamani: maliza, osha, kausha, ndipo ujaze.

Lebo za kununua ziache. Kata kwenye pakiti sehemu yenye tarehe ya mwisho wa matumizi, uibandike kwa gundi ya karatasi nyuma ya chombo.

Kama hela inatosha vyombo vitatu tu, nunua vya pembe nne: kimoja cha unga, kimoja cha mchele, kimoja cha sukari. Vingine vitasubiri kwenye chupa za jemu.