Kuacha sigara: umshirikishe wa nyumbani au umwone mshauri?

Ukishapanga siku ya kuacha, wengi humchagua mtu wa karibu: mke, mume, ndugu, rafiki. Faida yake ni kwamba yupo. Hamu ya kuvuta huja ghafla na mara nyingi hupita baada ya dakika chache. Mtu wa kupiga naye soga dakika hizo anafaa kuliko hotuba yoyote. Ila mwambie mapema unachotaka kwake. Asiyeambiwa hugeuka askari: anakunusa, anakusuta ukiteleza, nawe unaanza kuvuta kwa kujificha. Kama naye ni mvutaji, mwombe angalau asivute mbele yako.

Mshauri wa afya hakai nyumbani kwenu, lakini anajua asichokijua shemeji yako. Atakueleza kwamba makali ya kukosa nikotini, kile kilevi cha tumbaku, huzidi siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hupungua kwa wiki kadhaa, na atakuambia kama unahitaji chingamu ya nikotini au bandiko lake la ngozini. Shirika la Afya Duniani liliziingiza bidhaa hizo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwongozo wake wa 2024 unashauri dawa ziende pamoja na ushauri.

Anayewasha sigara mara tu akiamka, mimi ningemtuma kwa mshauri kwanza. Anayevuta akiwa na wenzake tu, rafiki mmoja mwenye subira huenda akamtosha. Na ukienda kliniki, si vibaya kwenda na huyo wa nyumbani, asikie mwenyewe.