Banzi la kifundo cha mkono: nyoosha bamba kwanza, ndipo ulivae

Ni banzi la kitambaa lenye bamba la alumini upande wa kiganja na kanda tatu za velkro. Nimelivaa usiku kwa wiki sita, kwa mkono uliochoshwa na kibodi na kipanya: ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati. Limesaidia na ningelinunua tena, ila halifai kuvaliwa jinsi linavyotoka kwenye boksi.

Tatizo ni bamba. Langu lilikuja limepindwa kama nyuzi 20 hivi, kwa hiyo kiganja kinalala kikiwa kimeinuka kwa nyuma. Mkao huo ni mzuri kwa kushika vitu, lakini kwa ganzi ni kinyume cha kinachotakiwa. Neva inayohudumia vidole hivyo vitatu hupita kwenye kijia chembamba cha kifundo, imebanana na kano tisa, na shinikizo humo hupanda kifundo kikikunjwa, iwe mbele au nyuma. Hupungua mkono ukinyooka. Basi chomoa bamba mfukoni mwake, liweke mezani, ulikandamize polepole kwa gumba zote mbili mpaka mpindo ubaki kidogo tu. Lipinde mara moja uache. Alumini ikipindwa huku na huku hukatika. Ukishalivaa, laza ubavu wa mkono mezani: kigasha na kiganja viwe mstari mmoja.

Saizi hupimwa kwa mzunguko wa kifundo, si kwa urefu wa mkono. Banzi liishie chini ya mstari wa kiganja ulio karibu na vidole. Kama huwezi kukunja ngumi kamili, ni refu mno, na asubuhi vidole vitaamka vimekakamaa. Kanda zikazwe kiasi cha kidole kimoja kupita chini yake. Hapa ndipo wengi hukosea: wanakaza ili banzi “lifanye kazi”, ganzi inazidi, kisha wanalitupa.

Mchana mimi nalivua. Ukichapa ukiwa umelivaa, kifundo hakisogei, kwa hiyo kiwiko na bega hubeba kazi yake, na maumivu yanahamia huko. Badala yake natelezesha kano: vidole vinyooke, vikunjwe kama ndoano, kisha ngumi, kisha vinyooke tena. Mara 5 hadi 10, mara tatu kwa siku, bila kulazimisha. Ganzi ikiongezeka wakati wa zoezi, punguza idadi.

Lifue kwa mkono kwa maji ya vuguvugu, bamba likiwa nje na velkro zikiwa zimefungwa, la sivyo zitajaa nyuzi na kuacha kushika. Anika kivulini.

Halimfai kila mtu. Maumivu yakiwa upande wa gumba, unapobana kitu au kusokota nguo, tafuta banzi linaloshika na gumba lenyewe. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho, hiyo ni neva nyingine, na mara nyingi hubanwa kwenye kiwiko. Banzi hili halitaigusa. Na kama ganzi haitoki mchana kutwa, vitu vinakuponyoka, au nyama ya shina la gumba imeanza kunywea, usisubiri wiki sita. Nenda kwa daktari upimwe neva.